BETRI ILIYOZIBWA KATIKA PIKIPIKI KUUKUU



Kuna swali moja ambalo nimeulizwa mara nyingi sana tangu nilipoanza kwenda kazini kwa pikipiki yangu ya zamani. Swali lenyewe ni hili: Je, yawezekana kutia betri ya siku hizi, ile iliyozibwa isiyotiwa maji, katika pikipiki kuukuu? Jibu langu ni fupi. Yawezekana, tena yafaa sana, lakini kwa sharti moja: upime kwanza chaji ya pikipiki yako. Asiyepima ataiua betri mpya katika miezi michache, na huenda akaumia yeye mwenyewe. Wahenga walisema kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda, na jambo hili la betri ni mfano wake.

Mhariri amenipa nafasi katika sehemu hii ya Kiswahili nieleze sababu zake. Nitajaribu kutumia maneno ambayo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ataweza kuyafuata, na wale mafundi walio miongoni mwenu wanisamehe nikieleza mambo wanayoyajua.

KAZI YA BETRI KATIKA PIKIPIKI

Pikipiki yangu ni Yamaha DT 125 ya miaka ya 1970. Baba yangu mdogo aliinunua Bukavu ikiwa imekwisha kutumiwa na watu wengine, kisha akanirithisha mimi. Umeme wake ni wa volti 6, kama ulivyokuwa umeme wa pikipiki ndogo nyingi za wakati ule.

Katika pikipiki ya namna hii, cheche ya plagi hutoka katika magneto, si katika betri. Taa kubwa ya mbele nayo hupata umeme moja kwa moja kutoka koili iliyomo ndani ya magneto. Lakini honi, indiketa na taa ya breki zote hutegemea betri. Kwa hiyo betri ikifa, injini huendelea kunguruma na taa ya mbele huwaka, na mwenye pikipiki hudhani kwamba mambo yote ni sawa. Kumbe hana honi, na anayemfuata nyuma hawezi kujua kwamba amefunga breki.

Mtu anayeijua barabara ya kutoka Kamembe kwenda Bugarama ataelewa uzito wa neno hili. Barabara hiyo ina mteremko na kona, na malori makubwa hupita humo kwa sababu ya kiwanda cha saruji kilichoko Bugarama. Lori zito likikufuata mteremkoni, taa yako nyekundu ya nyuma ndiyo neno la pekee unaloweza kumwambia dereva wake. Isipowaka, umenyamaza. Basi tusiione betri kuwa kitu kidogo kwa sababu tu pikipiki huwaka bila hiyo.

Ziko pikipiki nyingine za zamani ambazo cheche yake yatoka katika betri. Hizo betri ikifa hazitembei kabisa. Ukitaka kujua yako ni ya jamaa gani, ondoa betri, fungua plagi, uiweke plagi hiyo katika kofia yake huku chuma chake kikigusa injini, mbali na tundu la silinda na petroli, halafu fungua swichi na upige kiki. Ukiona cheche, pikipiki yako ni ya magneto. Usiiendeshe pikipiki bila betri, maana volti zisizo na mahali pa kwenda zaweza kuunguza balbu zote kwa dakika moja.

BETRI YA ZAMANI NA BETRI ILIYOZIBWA

Betri ya risasi ilivumbuliwa mwaka 1859 na Mfaransa Gaston Planté. Mwaka 1881 Mfaransa mwingine, Camille Faure, aliiboresha kwa kupaka mabamba yake rojo la risasi, na tangu hapo iliweza kutengenezwa kwa wingi viwandani. Asili yake haijabadilika mpaka leo. Ndani yake mna mabamba ya risasi na mabamba ya oksidi ya risasi, yaliyozama katika maji yenye tindikali ya salfa. Betri inapotoa umeme, mabamba yote mawili hugeuka kuwa salfeti ya risasi na tindikali hupungua ukali. Inapochajiwa, mambo hurudi nyuma, mabamba yakawa kama mwanzo na tindikali ikawa kali tena.

Kila chumba cha betri hutoa volti 2 na kitu kidogo. Betri ya volti 6 ina vyumba vitatu, na ya volti 12 ina vyumba sita.

Sasa, betri ikisha kujaa, na chaji ikiendelea kuingia, umeme huo uliozidi hauna kazi ya kufanya katika mabamba. Huanza kuyagawanya maji yawe gesi mbili, oksijeni na haidrojeni. Ndiyo maana betri ya zamani ilikuwa na vifuniko juu, na mwenyewe alitakiwa kuvifungua na kuongeza maji safi yaliyochujwa kwa mvuke. Tena ilikuwa na kimrija cha kutolea gesi pembeni. Kwa kimrija hicho tindikali pia ilitoka wakati wa kurukaruka katika mashimo, ikala fremu, mnyororo na nguo za mwendeshaji. Wale wanaovusha pikipiki zao kwa mtumbwi kwenda kisiwa cha Nkombo wanajua shida yake: pikipiki ikilazwa, betri nayo hulala, na tindikali humwagika katika mtumbwi wa watu.

Dawa ya mambo haya ilipatikana polepole. Mwaka 1957 kampuni ya Sonnenschein ya Ujerumani ilitengeneza betri ambayo tindikali yake imegandishwa ikawa kama uji mzito. Baadaye, katika miaka ya 1970, Wamarekani walitengeneza ya namna nyingine, ambayo tindikali yake imenywewa na sufi laini ya kioo iliyobanwa katikati ya mabamba, kama maji yanavyonywewa na kitambaa. Hii ya sufi ndiyo iliyoenea sana leo. Katika betri hizi oksijeni inayotoka bamba la chanya hupenya mpaka bamba la hasi na kugeuka kuwa maji tena. Kwa hiyo maji hayapungui, na hapana haja ya kuongeza.

Lakini angalieni vizuri, maana hapa ndipo penye siri yote. Kazi hiyo ya kurudisha oksijeni iwe maji ina kiasi chake. Chaji ikizidi, gesi hutoka upesi kuliko inavyoweza kurudi. Ndani hujaa nguvu, na vali ndogo hufunguka ili betri isipasuke. Gesi ikisha kutoka, maji yake yamekwenda moja kwa moja. Huwezi kuyaongeza, kwa kuwa hapana kifuniko cha kufungua. Betri hukauka, hupata joto, huvimba tumbo, na kufa. Betri ya zamani ilivumilia chaji mbaya kwa sababu ulikuwa ukiitibu kwa maji. Iliyozibwa haina dawa hiyo.

MFANO WA MTO WETU

Wanafunzi wengi huchanganya volti na ampea. Sisi tunaokaa Rusizi tuna mfano mzuri mbele ya macho yetu. Ziwa Kivu liko kiasi cha meta 1,460 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Tanganyika liko kiasi cha meta 770. Mto Rusizi hutoka la kwanza ukaingia la pili, na kwa sababu ya tofauti hiyo ya kimo maji yake yana nguvu ya kuzungusha mitambo. Ndiyo sababu mtambo wa kwanza wa umeme ulijengwa katika mto huo mwishoni mwa miaka ya 1950, na wa pili ukaanza kazi mwaka 1989.

Volti ni kama tofauti ile ya kimo. Ampea ni kama wingi wa maji yanayopita kwa wakati mmoja. Na ampea-saa, iliyoandikwa ubavuni mwa betri, ni kama maji yaliyowekwa akiba katika bwawa. Betri yangu imeandikwa volti 6 na ampea-saa 4.5. Taa ya breki ya wati 18 katika umeme wa volti 6 huvuta ampea 3, maana 18 ukigawanya kwa 6 wapata 3. Kwa hesabu tu, betri ingeiwasha kwa saa moja na nusu. Kwa kweli ni chini ya hapo, kwa sababu viwanda hupima akiba hiyo kwa kuitoa polepole katika muda wa saa 20.

Sasa fikirini bwawa ambalo maji huingia bila kipimo, na halina mlango wa kutolea maji yaliyozidi. Wakati wa mvua kubwa lingebomoka. Pikipiki nyingi za zamani zilikuwa katika hali hiyo hiyo. Koili ya magneto hutoa umeme zaidi kila injini inavyozidi kwenda mbio. Umeme huo hupita katika rektifaya, kifaa kinachouruhusu kwenda upande mmoja tu, kisha huingia betri. Hapana kitu kingine cha kuuzuia. Kinachohitajika ni mlango wa bwawa, na mlango huo ndio reguleta. Volti zikifika kiasi kilichowekwa, reguleta huutupa umeme uliozidi kwenye chuma cha fremu, na betri hupata haki yake tu.

KIJANA NA SUZUKI YA BABU YAKE

Mwaka jana kijana mmoja wa Kamembe aliyerithi Suzuki ya babu yake aliniletea betri iliyozibwa. Alikuwa ameitumia kwa muda wa wiki saba. Mbavu zake zilikuwa zimevimba kama andazi, hata aliitoa katika kisanduku kwa taabu.

Aliniambia, "Mwalimu, betri hii niliuziwa mbovu."

Nikamwuliza, "Chaji uliipima, kijana wangu?"

Akajibu, "Pikipiki ni ya volti 6, na betri ni ya volti 6. Nipime nini tena, Mwalimu?"

Tulikwenda uani tukafunga betri nyingine nzima iliyojaa, tukashika mita, tukawasha injini. Injini ilipokuwa ikinguruma polepole mita ilionyesha 6.4. Alipoongeza moto kidogo ilionyesha 7.3. Alipofikisha mwendo wa kupandia mlima ikaonyesha 8.6, nami nikamwambia azime mara moja. Betri yake haikuwa mbovu. Iliuawa kila siku kidogo kidogo njiani.

Namba 6 iliyoandikwa katika pikipiki ni jina tu, ndugu zangu. Haitwambii volti ngapi zafika katika betri wakati injini inakwenda mbio. Jambo hilo huliambiwi na mtu, wala na karatasi. Huambiwa na mita.

NAMNA YA KUPIMA

Chukua mita ya umeme na uiweke kwenye volti za umeme wa mwelekeo mmoja, ule wa betri. Hakikisha kwanza kwamba betri imejaa, maana betri yenye njaa humeza chaji yote na kuzishusha volti, ukadanganyika. Gusa nguzo mbili za betri kwa ncha za mita, upime mara nne:

Kwanza, injini ikiwa imezimwa. Betri ya volti 6 iliyozibwa, ikiwa imejaa na imepumzika saa kadhaa, huonyesha kiasi cha 6.4. Ikionyesha chini ya 6 ina njaa sana, na ikiachwa hivyo siku nyingi mabamba yake hugandamana salfeti ngumu isiyorudi tena.

Pili, injini ikinguruma polepole, taa zote zimezimwa.

Tatu, injini ikienda kwa mwendo wa barabarani, taa zimezimwa. Hiki ndicho kipimo kikubwa. Betri nyingi za volti 6 zilizozibwa zataka chaji isiyopita kiasi cha volti 7.2 mpaka 7.4. Kwa betri za volti 12 ni mara mbili yake, yaani kiasi cha 14.4 mpaka 14.8. Soma ubavuni mwa betri yako, maana kiwanda huandika kiasi chake hapo, na hicho ndicho cha kufuata.

Nne, injini kwa mwendo ule ule, taa zimewashwa. Katika pikipiki nyingi za magneto swichi ya taa hubadili kiasi cha chaji, cha mchana mbali na cha usiku mbali. Ikiwa usiku volti hazipandi juu ya zile za betri iliyopumzika, ujue kwamba usiku betri yako hailishwi, na ukisafiri sana gizani utafika bila honi.

Angalia tena rektifaya. Pikipiki za miaka ya 1950 na 1960 mara nyingi zilikuwa na rektifaya ya seleni, yenye visahani vilivyopangwa kama sahani za jikoni. Ikizeeka hupitisha umeme kidogo, na mara nyingine humwaga chaji ya betri usiku pikipiki ikiwa imesimama. Ukiiondoa na kutia ya silikoni ya siku hizi, umeme hupita vizuri zaidi. Jambo hilo ni jema, lakini volti za chaji zitapanda kuliko zamani. Kwa hiyo baada ya kubadili rektifaya sharti upime upya.

NAMNA YA KUFUNGA

Ikiwa volti zinapita kiasi, tafuta reguleta kabla ya kununua betri. Reguleta ya volti 6 haionekani upesi katika maduka yetu ya vipuri, kwa kuwa pikipiki karibu zote zinazobeba abiria siku hizi ni za volti 12. Mimi nilimwagiza rafiki aliyekuwa Kampala. Nyingi huwa zimeunganishwa na rektifaya katika sanduku moja dogo la bati lenye mapezi. Ifunge mahali penye upepo, maana hupata joto, na ikwangue rangi ya fremu hapo inapokaa ili chuma kiguse chuma. Usiamini rangi za nyaya. Zifuate kwa kidole tangu mwanzo mpaka mwisho, ukaandike katika karatasi.

Betri niliyotumia ni ile ile inayotiwa katika taa za dharura, zile za kuwakia umeme wa nyumbani ukikatika. Ya volti 6 na ampea-saa 4.5 ina upana wa milimita 47, urefu wa milimita 70, na kimo cha kiasi cha milimita 100. Ilikuwa nyembamba kuliko betri ya zamani, na nafasi iliyobaki katika kisanduku niliijaza kwa vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu. Fanyeni hivyo hivyo, tena msiache pembe yoyote ikigusa bati tupu. Katika barabara zetu mtikisiko huua betri nyingi kama chaji mbaya inavyoua.

Kabla ya kuitia, osha kisanduku kwa maji yaliyoyeyushwa magadi. Yakitoa povu, tindikali ya zamani ingalimo. Endelea mpaka povu liishe, suuza, kausha, sugua kutu kwa karatasi ya msasa, paka rangi. Kimrija cha zamani hakina kazi tena, ukiondoe.

Masikio ya betri hizi ni bapa na madogo. Tumia vishikio vyake vya kubana, usiyatie lehemu moja kwa moja, kwani joto la chuma cha kulehemia hushuka ndani na kuharibu mahali sikio lilipounganishwa. Katika waya wa chanya tia fyuzi karibu na betri. Yangu ni ya ampea 10.

Sasa kuunganisha. Kanuni ni moja: waya unaokwenda kwenye fremu hufungwa mwisho, na wakati wa kufungua hutolewa kwanza. Sababu yake ni kwamba spana yako ikiteleza na kugusa fremu kabla waya huo haujafungwa, hapatatokea cheche. Katika pikipiki za Kijapani waya wa fremu ni ule wa hasi. Lakini wazee wenye pikipiki za Kiingereza za miaka ya 1950 na 1960, kama BSA na Triumph, wajihadhari. Nyingi kati ya hizo hufunga chanya kwenye fremu. Ukiigeuza betri kwa mazoea ya siku hizi, rektifaya huungua mara moja.

Ukisha kufunga, washa injini, urudie vile vipimo vinne. Katika pikipiki yangu mita husimama kati ya 7.1 na 7.2, hata nikizidisha moto.

Betri hii yaweza kulazwa ubavu bila kumwaga kitu, lakini usiichaji ikiwa kichwa chini. Wala usiifungashe katika mfuko wa nailoni usiopitisha hewa. Inaitwa iliyozibwa, lakini vali yake bado yahitaji kupumua siku ya taabu.

KUGEUZA KUWA VOLTI 12

Wengine wataniuliza, kwa nini usiigeuze pikipiki nzima iwe ya volti 12, ambayo vipuri vyake vimejaa kila duka? Yawezekana mara nyingi, kwa kuwa volti za koili hupanda kwa mwendo wa injini, na magneto nyingi zaweza kuzifikia. Faida yake ni kwamba balbu ya wati 18 itavuta ampea moja na nusu tu badala ya 3, na nyaya kuukuu hupata nafuu. Lakini hesabuni gharama: balbu zote, honi, kifaa cha kukonyeza indiketa, na reguleta sharti vibadilishwe, na ikiwa cheche hutoka katika betri, koili ya plagi pia. Na injini ikienda polepole sana chaji huwa haba. Mwenye safari fupi za mjini afikiri mara mbili.

Kuna na betri za lithiamu, nyepesi kama sanduku tupu. Hizo usizitie katika pikipiki ya zamani isiyo na reguleta nzuri. Chaji ikizidi hazivimbi tu, zaweza kuwaka moto.

JOTO LA BUGARAMA

Jambo moja lahusu wilaya yetu hasa. Kutoka baridi ya msitu wa Nyungwe mpaka joto la bonde la Bugarama ni safari ya siku moja tu kwa pikipiki, lakini kwa betri ni nchi mbili mbalimbali. Joto huharakisha kila kitu kinachotendeka ndani yake, na mafundi hukadiria kwamba kila joto linapozidi kwa digrii 10 umri wa betri hupungua nusu. Anayekaa Bugarama aiweke betri mbali na bomba la moshi, aegeshe pikipiki kivulini, na achague reguleta ya volti za chini kidogo, karibu na 7 kuliko 7.4. Pikipiki ikikaa bila kazi, ichajiwe polepole kila mwezi au miezi miwili. Ampea nusu yatosha kwa betri ndogo kama hii. Haba na haba hujaza kibaba.

BETRI ILIYOKUFA

Mwisho, msitupe betri ya zamani porini wala ziwani, na msiipasue nyumbani. Nimeona mahali zaidi ya pamoja watu wakiyeyusha risasi ya betri katika chungu ili kutengeneza vizito vya nyavu za sambaza, na watoto wamezunguka moto wakitazama. Moshi na vumbi la risasi huingia mwilini bila maumivu wala harufu ya kumwonya mtu, na huharibu akili za watoto wadogo bila ya wao kupona. Ipelekeni betri nzima kwa wanunuzi wa chuma chakavu wanaozikusanya kwa ajili ya viwanda, maana risasi yake huyeyushwa ikafanywa betri mpya. Tindikali ikikurukia, osha kwa maji mengi mara moja. Ikiingia jichoni, osha muda mrefu bila kuacha, halafu uende hospitali.

Basi, ndugu zangu, hayo ndiyo niliyonayo. Mita ya umeme ya bei ndogo ni rahisi kuliko betri moja iliyouawa. Wanafunzi, mkitaka kuona kwa macho yenu, mwombeni mwalimu wenu wa fizikia mita, mkaipime pikipiki yoyote iliyosimama uani, ya zamani au mpya, mkaandike namba zake nne katika daftari. Na wazee mlio na pikipiki zenu chini ya maturubai, zifunueni.